Uso Uliouza Sabuni

Sauti yangu niliisikia ikitoka kwenye mkoba wa mwanamke nisiyemjua, bandarini Mkoani. Nilikuwa nimekaa kwenye ukumbi wa abiria nikisubiri boti ya kutoka Unguja, iliyokuwa inaleta boksi la lebo mpya za mama mdogo. Yule mwanamke alikuwa kiti cha mbele yangu, mwenziwe pembeni yake. Akatoa simu, akaongeza sauti, akamwambia mwenziwe amsikilize huyu, na mimi nikaanza kusema.

Nilisema kwamba nilikuwa nimevigeuza vioo vyote vya nyumbani vikatazama ukuta. Nilisema kwamba nilikuwa napishana na watu huku nimeinamisha kichwa, hata nikawajua majirani wote kwa viatu vyao. Kisha sauti yangu ikatua kidogo, kama mtu anayemeza mate, ikasema: mpaka siku niliponawa kwa sabuni hii.

Yule mwenziwe akasema masikini, mwana wa watu. Wakazitazama picha mbili zilizokuja na ile sauti, ya kabla na ya baada, wakaikuza ile ya baada kwa vidole mpaka shavu langu likajaa kwenye kioo cha simu. Halafu mwenye simu akageuka kuniuliza kama boti imeshaonekana. Nikatikisa kichwa. Sikuweza kumjibu kwa mdomo, angeijua sauti. Na mkono wangu ulikuwa umeshikilia ncha ya mtandio juu ya shavu la kushoto, kwa sababu asubuhi ile baka lilikuwa limerudi.

Lilikuwa dogo bado, jekundu, lenye kingo kavu kama ukoko wa wali. Nililijua vizuri. Nilijua litakakoelekea, pembeni ya mdomo kwanza, kisha kidevuni, kisha shingoni, kama mtu anayerudi nyumbani kwake na hana haja ya kuuliza njia.

Mama mdogo ni mdogo wake mama yangu, na ndiye aliyenilea, Micheweni. Nilipokuwa mdogo alilima mwani. Alikuwa akishuka pwani maji yakipwa, na kurudi magoti yamechunwa na matumbawe, nguo zimekakamaa chumvi. Baadaye bahari ikaanza kupata joto, mwani ukawa unageuka mweupe na kumomonyoka kwenye kamba, na wanawake wengi wakaziacha kamba zao zikiwa tupu. Yeye na wenzake wachache wakajifunza kutengeneza sabuni. Walisaga ule mwani mdogo uliopatikana, wakauchanganya na mafuta ya nazi na mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, wakaumimina kwenye vibao, ukikauka wakaukata kwa waya. Ilikuwa sabuni nzuri. Ilinukia kama ua wa nyumba yetu msimu wa karafuu.

Shida yake ilikuwa moja, kwamba mama mdogo hakujua kuisemea. Mteja akimuuliza sokoni, "Inafanya nini hii?" alikuwa akimtazama kwa mshangao na kumjibu, "Inaosha."

Basi sabuni zikakaa. Zilipangwa ghalani mpaka dirishani, na wale wanawake walioacha kamba zao baharini wakawa wanakuja kila asubuhi kuzitazama kama wanaotazama mgonjwa.

Wakati huo nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka masomoni Unguja, na vitu viwili nilivyorudi navyo ni riwaya iliyogoma kumalizika na uso ulioharibika. Nilikwenda hospitali. Daktari aliniambia ni pumu ya ngozi, na alinieleza kwa upole kwamba ugonjwa huu hauishi, unalala na kuamka, na kazi yangu itakuwa kuulaza. Akanipa dawa ya kupaka kwenye tyubu. Muuguzi akanitaka nipige picha ya uso, karibu, mwanga ukiwa mzuri, ili wamtumie daktari mwingine wa mbali atoe maoni yake. Nikapigwa picha ile nimeegemea ukuta wa nyumbani. Nikapaka dawa. Nikaacha sabuni za dukani zenye manukato, nikawa nanawa kwa ya mama mdogo, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo na ilikuwa haichomi. Kidogo kidogo uso ukatulia, na siku moja mama mdogo akanishika kidevu mlangoni, kwenye jua, akanigeuza huku na huku, akalia.

Mama mdogo ana binti, mdogo wangu, ambaye alikuwa akijifunza biashara kupitia simu. Usiku na mchana masikioni alikuwa na vijana wa mjini wanaofundisha namna ya kuuza. Yeye ndiye aliyekuja na maneno yaliyotubadilishia maisha. Alisema watu hawanunui sabuni. Wananunua mtu aliyepona.

Tulirekodi ghalani, kati ya maboksi, kwa sababu ndipo palipokuwa kimya. Nilisema kila kitu. Nilimtaja daktari, nikaitaja tyubu, nikasema ugonjwa huu unalala na kuamka. Na kwa kuwa kazi ninayoipenda ni maneno, sikuweza kusema tu kwamba niliona haya. Nilitafuta haya yenyewe inavyoonekana, nikaipata kwenye viatu vya majirani na kwenye vioo vilivyogeuzwa. Kwetu kioo ni kimoja. Lakini kimoja hakikutosha mdomoni.

Mdogo wangu alipomaliza kuikata ile sauti, ilikuwa imebaki ya kunywea kikombe kimoja cha kahawa. Viatu vilikuwemo, vioo vilikuwemo. Daktari hakuwemo.

Nilimuuliza. Alinijibu kwamba nilisema kirefu kama hotuba ya Ijumaa, na mtu mwenye sufuria jikoni hana muda huo. Nikamgeukia mama mdogo. Alikuwa akifunga sabuni kwenye karatasi, hakuinua macho.

"Hospitali kila mtu anaijua, mwanangu," alisema. "Haihitaji kutangazwa."

Ilikuwa hoja ya mtu aliyechoka, na mimi nilikuwa nimeona anavyoishi. Ile sauti ikatoka. Ilikwenda Wete, ikaenda Chake, ikavuka maji. Ile picha niliyopigwa kwa ajili ya daktari wa mbali ikawa ndiyo kabla. Kwa baada, mdogo wangu alinisimamisha kwenye mlango ule ule aliponilia mama yake, asubuhi, jua likiniangaza shavu.

Ghala likawa jeupe, sabuni zote zikaisha. Wale wanawake wakaanza kuja na khanga mpya, wanaongea kwa sauti kubwa, wanataniana. Mmoja wao alinibatiza jina la Bi Shavu. Wateja wakawa wanafika nyumbani, kwanza mmoja mmoja kisha kwa makundi, na wote walitaka kitu kimoja kabla ya kununua. Walitaka kuniona. Nilikuwa naitwa kutoka chumbani, kalamu mkononi, nasimama barazani, nao wananitazama kama watu wanaonunua kitambaa, wanataka kukiona kwenye mwanga. Wengine walinigusa. Mkono wa mtu nisiyemjua, una harufu ya kitunguu au ya mtoto mchanga, unapita juu ya shavu langu taratibu, na mwenyewe anasema mashaallah. Mama mdogo husimama nyuma yao akitabasamu. Sijawahi kumwona akitabasamu vile kwa mwani.

Baada ya hapo mdogo wangu alitaka mashuhuda wengine, na kazi ya kuwaandaa nikapewa mimi, kwa kuwa ndimi mwandishi. Nilikuwa nakaa na wateja mkekani, nawaomba wanisimulie. Nilidhani nitapata maisha ya watu, na yalikuwemo. Mwanamke mmoja aliniambia kwamba alipokuwa na upele mkononi mumewe alianza kula kwa kijiko, na hakusema neno lolote juu yake, na yeye pia hakusema, na kijiko kile ndicho kilichomtia uchungu kuliko upele. Nililala na kijiko kile kichwani. Lakini wengi walipofika mkekani walikuwa wameshanisikiliza mimi. Walifungua mdomo, zikatoka sentensi zangu. Walikuwa wamegeuza vioo. Walikuwa wanajua watu kwa viatu. Hawakuwa waongo, walikuwa wameteseka kweli, ila waliona mateso yao hayana nguo ya kutokea nje, wakaazima yangu. Na kila mmoja, kwa desturi niliyoianzisha mwenyewe, alimeza mate kidogo kabla ya kuitaja sabuni.

Hapo ndipo nilipoanza kuhisi kuta. Ushuhuda lazima uwe na mwisho. Mtu alikuwa hivi, sasa yuko hivi, basi, mlango unafungwa. Ngozi yangu haikujua kwamba imeshafungwa humo. Ilikuwa inaendelea na mambo yake.

Niliporudi kutoka Mkoani na boksi la lebo, mama mdogo alinipokea mlangoni. Aliniondolea mtandio kwa vidole viwili, akaliona lile baka, akaurudisha mtandio mahali pake kama anayefunika chungu. Akasema nisitoke barazani siku mbili tatu. Siku zile hazikutosha. Nikasema nitakwenda hospitali nikachukue dawa, ile yangu iliisha zamani. Sote wawili tuliliona lile benchi la hospitali, wanawake wamejipanga ubavu kwa ubavu na simu zao, na mimi katikati na uso wangu. Nusu yao wangekuwa na sabuni yetu mkobani.

"Subiri kidogo," alisema. "Ghalani kuna wenzangu wanakula kwa shavu lako hilo."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningeweza kumjibu.

Nikabu nilianza kuivaa wiki ile. Kwetu si kitu cha ajabu, wanaovaa wapo, na hakuna anayemuuliza mtu kwa nini amejisitiri. Hilo ndilo lililoniponza. Nilikuwa nimejitayarishia majibu ya kila namna, nikakuta swali halipo. Pahala pa swali pakaja sifa. Kina mama walionijua tangu utoto wakawa wananisimamisha njiani kunipongeza. Jirani mmoja akaniombea dua palepale, akawaambia binti zake wanitazame. Mke wa shehe wa mtaa wetu akanitumia salamu na sahani ya visheti. Mdogo wangu akasema kwa jicho la biashara kwamba imekuwa vizuri, uso uliofichwa unatamaniwa zaidi. Na ikaja posa, kutoka kwa watu wazuri wasionijua, waliosikia kwamba yule binti wa sabuni, baada ya kuupata uzuri, amemshukuru Mola kwa kuufunika. Mama mdogo aliwajibu kwa adabu kwamba nina kitabu sijakimaliza. Ni mara ya kwanza riwaya yangu kunifaa kwa lolote.

Nyuma ya kile kitambaa uso ulikuwa unawaka. Joto la pumzi yangu mwenyewe lilikuwa linauchoma. Nilikuwa naona njia, naona migomba, naona watoto wanakimbilia chuoni na juzuu zao, na hakuna aliyekuwa ananiona mimi. Kwenye simu zao nilikuwa nacheka bado pale mlangoni.

Yule mwanamke wa Shumba alikuja siku ambayo tulikuwa tunamimina sabuni. Alikuwa mtu wa makamo, mtaratibu, amevaa vizuri, na alikaa kwanza, akaulizana hali na mama mdogo mpaka zikaisha za watu na za mazao. Kisha akasema shida yake. Binti yake anaolewa. Ameshawekwa ndani, anasingwa kwa unga wa liwa na maua, hatoki mpaka siku yake. Lakini ana ugonjwa wa uso na shingo, tangu utotoni, unakuja na kuondoka, na sasa umekuja. Aliposikia ushuhuda wangu aliona mlango umefunguka. Binti ameanza sabuni.

"Na dawa za hospitali?" nilimuuliza kutoka nyuma ya nikabu.

Akasema amezitia kabatini, zisije zikagombana na sabuni.

Alichokuja kuomba ni kidogo tu. Binti amekata tamaa, hali, halali, analia. Yeye hawezi kumtoa nje aje anione. Je, mimi siwezi kwenda nimtie moyo, anione kwa macho yake?

Mama mdogo akasema nina mafua. Mimi nikasema nitakwenda.

Tulikwenda kesho yake kwa bodaboda mbili, mama mdogo mbele na mimi nyuma yake, na njia nzima hakugeuka kunitazama. Alikuwa ameniambia asubuhi, akinifunga ile nikabu kwa mikono yake, kwamba nikae mbali kidogo na dirisha, nizungumze na mwari maneno mazuri, na kama nikiombwa kuvua niseme kichwa kinaniuma, upepo haunifai. Alikuwa ameifunga kwa mafundo mawili.

Chumba cha mwari kilikuwa cha ndani kabisa. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa khanga, na hewa yake ilikuwa nzito ya asmini, liwa na karafuu, ile harufu inayomwambia kila anayeingia kwamba humu anaandaliwa mtu. Alikuwa amekaa kitandani. Nilimtambua kabla sijamjua. Ile namna ya kukaa na ubavu kuelekea mlangoni, kidevu kimeshuka, mkono karibu na shingo lakini haugusi, ilikuwa yangu. Mashavu yake yalikuwa mekundu na yenye majimaji, na chini ya sikio ngozi ilikuwa imepasuka. Mama yake alinieleza kwa fahari kwamba anamwosha kwa sabuni yetu kila baada ya sala, na kumsugua hasa.

Binti hakunitazama usoni. Alinitazama viatu, akasema, "Karibu, dada."

Mama yake akanisogezea kiti karibu naye, akaliondoa lile pazia la khanga dirishani ili mwanga uingie. "Haya mwanangu, humu ni sisi kwa sisi. Mvulie akuone."

Mama mdogo akaanza kusema juu ya upepo. Alisema taratibu, akakohoa kuonyesha mafua yangu yalivyo, kisha sauti ikamwishia katikati. Nilikuwa nimeshaanza kulitafuta fundo. La kwanza likafunguka. La pili lilikataa, nikalivuta, nikahisi kucha zangu kwenye shingo yangu mbichi, likafunguka.

Kuku alikuwa analia uani. Mwanga wote uliofunguliwa kwa ajili yangu ulikuwa juu ya uso wangu, na baada ya majuma yale yote ya kitambaa hewa yake ilikuwa baridi, tamu, kama maji ya kisimani. Nilifikiri: imekwisha. Sabuni zitarudi kukaa, mama mdogo atalia kilio kingine, mimi nitatoka humu.

"Subhanallah," alisema mama wa mwari, na mkono ulimwenda kifuani. "Wamempiga jicho."

Sikumwelewa mara moja. Yeye alikuwa ameshanikalia karibu, ananitazama kwa huruma ya kweli, machozi yanamlenga. Uso mzuri vile, alimwambia mama mdogo, umetembea kwenye simu za kisiwa kizima na ng'ambo, mlidhani utaachwa? Wangapi wameutazama bila kumtaja Mungu? Maskini, ndiyo maana amevaa nikabu, alihisi mwenyewe. Lakini amechelewa.

"Si jicho, mama," nilimwambia. "Ni ugonjwa huu huu alionao binti yako. Nilikuwa napaka dawa ya hospitali. Nimeacha, umerudi. Mrudishie dawa yake, na asimsugue mtu hapo."

Akanipapasa goti. "Aliyepigwa jicho hakubali," alisema, na akamgeukia mama mdogo. "Au vipi, shoga yangu?"

Nilimtazama mama mdogo. Nilimtazama kwa uso wangu wote, uliokuwa wazi. Nilikuwa namwomba neno moja tu, hata hiyo tyubu aitaje kwa jina. Nikamwona anavyoliendea lile neno, mdomo ukaanza kulishika. Nadhani nyuma yangu aliliona ghala, na wenzake barazani na khanga zao mpya.

"Watu wamemtazama sana," alisema.

Na hilo nalo lilikuwa kweli.

Mama wa mwari akainuka. Akasema atatia ubani, atanisomea, na kwamba kuna mafuta aliyosomewa na mzee mmoja yako chumba cha pili. Akamvuta mama mdogo mkono akamsaidie kutafuta. Walipofika ukumbini nikamsikia akimwambia kwamba wateja lazima waelezwe hili, wasije wakaniona nilivyo wakaidharau sabuni bure. Sikusikia mama mdogo alivyojibu. Niliisikia simu ya mmoja wao ikilia mlio ule wa kuanza kurekodi.

Niliinama. Nilikuwa nimetoka na kila nilichokuwa nacho, na kuta zilikuwa zimesogea nyuma hatua moja tu, zikanizunguka tena. Hata uso wenyewe haukuwa ushahidi. Hadithi ilikuwa imeshiba kiasi kwamba iliweza kunila mimi na kuendelea.

"Dada," alisema yule binti.

Alikuwa amegeuka. Kwa mara ya kwanza alikuwa ananitazama usoni, na alikuwa anatazama kama mtu anayesoma, kutoka pembeni ya mdomo, kidevuni, shingoni.

"Wako unaanzia hapo pia?"

"Unaanzia hapo."

"Na ulipona bila dawa?"

"Sikupona bila dawa. Niliitaja. Waliikata."

Akaiweka ile habari mahali pake. Kisha akanyoosha mkono chini ya kitanda, akavuta bakuli la singo, ule unga wa liwa na maua, lililokuwa limefunikwa kwa kitambaa, akatia vidole ndani yake mpaka chini. Akatoa tyubu. Ilikuwa imepakaa unga wa manjano, lakini niliijua kabla hajaifuta. Ilikuwa ile ile.

"Niliitoa kabatini, mama hajui," alisema. "Ninayo muda wote."

"Mbona hupaki?"

Akatazama mlango. "Niliona haya. Wewe ulipona kwa kunawa tu. Nikaona mimi ndiye mwenye kasoro, kwamba hata kupona sijui." Alikuwa anasema taratibu, anakwangua unga kwenye kifuniko kwa ukucha. "Sauti yako naisikiliza kila siku. Ile ya viatu, ni kweli?"

"Ya viatu ni kweli."

"Na vioo?"

"Kioo kimoja."

Akacheka. Kicheko kilimuuma, nilimwona akikizuia kwa mashavu, kikamshinda, kikatoka puani, na mimi kikanipata vilevile, tukainama wote wawili tukijiziba midomo kwa ncha za khanga.

Aliinuka akaenda mlangoni bila kuburuza miguu, akautia komeo kwa ndani. Aliporudi akanikalia mbele, magoti kwa magoti. Alifungua tyubu. Nilidhani ataanza na uso wake. Akatia kidogo kwenye ncha ya kidole, akanisogelea, akanipaka pembeni ya mdomo, juu ya lile baka la mwanzo. Dawa ilikuwa baridi. Haukuwa mkono wa mtu anayenunua.

Ukumbini sauti ya mama mdogo ilikuwa imeanza. Ilikuwa ya chini, ya kujitahidi, si mzoefu wa kusema. Alikuwa anaeleza habari za macho ya watu. Nilimsikia akifika mahali, akatua kidogo, akameza mate.

Kitasa kikazunguka. Mlango ukagota kwenye komeo.

"Mnafanya nini humo?" mama wa mwari aliuliza.

"Nasingwa, mama," binti alijibu, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Kisha akanishika kidevu kwa vidole vyenye harufu ya liwa, akaninong'oneza, "Geuza upande wa pili."